Maneno Yangu Sita

Jumapili, 18 Februari 1973

Daftari langu, uniwie radhi. Mara ya mwisho nilipokushika tumbo lilikuwa limefika kifuani na Issa hajazaliwa. Leo ana miezi saba, jino moja na nusu, na anauma. Miezi saba! Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa na mikono miwili tu.

Leo mume wangu Selemani kampeleka binti yetu Mwanaisha kwa bibi yake Naliendele. Issa kalala. Mvua inapiga bati. Nina nusu saa, labda.

Basi habari ni hii. Pale maktaba, Bwana Emmanueli anatafuta msaidizi. Wa kupanga vitabu, kuandika majina ya wanaoazima, kuwatafutia watu wanachotaka. Hataki vyeti. Selemani alimsikia kwa masikio yake: cheti hakijui kutafuta kitu kitabuni. Kwa hiyo kaweka mashindano. Kila Jumatatu anaandika herufi tatu ubaoni. Wewe utafute neno la Kiingereza lenye herufi zote tatu ndani yake, mwanzoni, katikati, popote, na liwe refu kadiri unavyoweza. Unaliandika kwenye karatasi na jina lako, unatia sandukuni. Jumamosi saa kumi anafungua. Refu kuliko yote ndilo linaloshinda. Wiki kumi. Atakayeshinda wiki nyingi ndiye atakayekaa kile kiti.

Kiti! Nimekiona mara moja, nilipopita kujikinga mvua. Kina meza yake na wino wake. Mtu anakaa pale, anaulizwa swali, na watu wanasubiri amalize kufikiri. Mimi na darasa la nane langu. Sijamwambia mtu ninavyokitaka.

Kamusi ninayo. Aliniachia mwalimu wangu alipohamishwa. Mchwa wamekula kuanzia T mpaka mwisho, lakini A mpaka S ni nyingi kwa mtu mmoja. Nasoma safu kwa safu, Issa akinyonya. Nikipata neno natandika korosho sakafuni, korosho moja kila herufi, nahesabu. Wiki ya G, H na P nilipata photographically. Kwa njia ya picha. Korosho kumi na sita! Nikahesabu tena kwa furaha — kumi na nne. Mwanaisha kala mbili.

Mjini siwezi kwenda kila mara na hawa wawili. Karatasi zangu anapeleka Theresia, jirani yangu wa ukuta mmoja, mke wa Danieli anayefanya kazi na Selemani bandarini. Anapita maktaba akienda sokoni. Jumatatu ananiletea herufi, Ijumaa anachukua karatasi. Na yeye anashindana, ila anasema anajaribu tu, asionekane mjinga.

Wiki sita zimepita. Sikushinda hata moja. Kila Jumamosi ananiambia, pole Mama Mwanaisha, kashinda tena yule mwalimu wa kule juu.

Mwalimu huyo ana kamusi ya namna gani? Neno la korosho kumi na sita linashindwa na nini?

Wiki inayoanza kesho hakuna herufi, Bwana Emmanueli anahesabu vitabu; zinarudi Jumatatu ya tarehe 26. Issa kaamka.


Jumanne, 20 Februari

Nimefunga mlango, niandike.

Theresia anakaa na baba mkwe wake, Mzee Filipo. Aliletwa mwaka jana kutoka Songea, miguu imevimba. Mngoni wa Wangoni. Mimi Myao. Basi ni watani, tangu vita vya babu zetu, wao walipowakimbia Wazulu wakaja kututeka sisi. Kila asubuhi ananipigia kelele juu ya ukuta: "Mateka wangu, umeamka?" Nami: "Nimeamka, mkimbizi. Wazulu hawajakufikia?" Hapo anacheka mpaka fimbo inaanguka. Siku nyingine ndilo jambo jema pekee la siku nzima.

Leo naanika nepi, kaniita. Hakucheka.

"Mateka, wewe ukilima, nani anavuna?"

Nikadhani ni yale yale. "Nyani, baba."

"Nyani wako anavaa gauni la maua."

Kisha akaongea sawasawa, polepole. Yeye kusoma hajui. Lakini macho anayo. Kila Ijumaa mkaza mwana wake anakaa mezani na karatasi mbili. Moja imeandikwa, nyingine tupu. Anaandika kwenye ile tupu, na ile iliyoandikwa anaitia jikoni inawaka. Jumamosi anarudi kutoka mjini anaimba. "Sasa mtu aliyeshindwa," akasema, "anaimba nini?"

Nepi ilikuwa bado mkononi. Ilinidondokea miguuni mpaka ikaisha maji.


Jumatano, 21 Februari

Nimekwenda mwenyewe. Issa mgongoni, Mwanaisha mkononi, tope mpaka magotini.

Karatasi imebandikwa ukutani, kila mtu anaiona. Wiki ya kwanza, knowledgeable, Theresia. Ya pili, earthquake, Theresia. Ya tatu, objectionable, Theresia. Photographically. Fundamentally. Yote yangu! Nayajua kama ninavyojua vidole vya wanangu. Hakuna mwalimu yeyote wa kule juu. Hayupo, hajapata kuwapo.

La sita ni neighbourliness. Herufi kumi na tano. Maana yake ujirani mwema. Nimelisoma pale na jina lake mbele nikacheka peke yangu, mtu akageuka kunitazama.

Bwana Emmanueli akaniuliza kwa upole, mama unatafuta kitabu? Nikasema hapana, nilikuwa natafuta mtu, nimempata.

Nikarudi, nikachukua ndoo yangu, nikamkuta Theresia bombani na ya kwake. Wanawake sita, saba. Nikasema: "Theresia. Maneno yangu."

Akaniangalia kidogo tu. Nimeiona ile hofu, ilipita kama mjusi. Kisha akatua ndoo, akapiga makofi.

"Jamani, huyu mtani wangu! Nimemteka tena! Babu yangu alichukua ng'ombe, mimi nimechukua Kiingereza. Tangu lini Mngoni akamwomba Myao ruhusa?"

Wote wakacheka. Na wewe ukitaniwa, unafanyaje? Mtani anabeba kuku wako, anavaa kanga yako kutoka kambani, unacheka. Ukikasirika wewe ndiye mwenye roho mbaya. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikacheka. Mungu ananiona, nilicheka, meno yote nje.

Ndoo yangu sikuijaza. Nilirudi nayo tupu.


Alhamisi, 22 Februari

Nimemwambia Selemani. Anasema ni utani tu, Mama Mwana, na Danieli ni mwenzangu wa zamu, usinitilie mchanga kazini. Nikamwuliza: Mngoni akivaa kofia yako kesho akaingia bandarini kwa jina lako, akakaa mahali pako, na jioni wewe ukaambiwa huna kazi — utani? Akasema chakula kimepoa. Nikamwachia kilichopoa.

Nimefikiri siku nzima nikimenya mihogo. Mtani akichukua kuku wako anamshika miguu mbele yako, kuku anapiga kelele, mtaa wote unaona. Utani unataka watu. Huyu alikaa peke yake mezani, akachoma karatasi, akaja kunipa pole. Wiki sita pole! Na Issa nampa ampakate nikioga! Huyo si mtani, ni mwizi, na utani kauvaa baadaye kama kanga aliyoiokota.

Atalipa. Sijui vipi. Lakini atalipa mbele ya watu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyechagua utani kuwa dawa.


Jumatatu, 26 Februari

Nimekwenda kuchukua herufi kwa macho yangu. F, G, V.

Theresia alikuwa mlangoni nikipita. "Mtani, mwaka huu unatembea!" Nikamwambia miguu yangu haijavimba.

Nikajuta. Mzee Filipo alikuwa nyuma yake, kasikia. Sikumkusudia yeye.


Jumatano, 28 Februari

Issa ana homa ya meno. Sikulala. Nimesoma F yote nikiwa nimemlaza begani.

Nimepata forgiveness. Msamaha. Korosho kumi na moja, safi, F na G na V zote zimo. Nikalitazama neno lile. Likanitazama.

Nikaendelea kutafuta.

Mwalimu alitufundisha kwamba Kiingereza kina un, ukiitanguliza neno linageuka. Kurasa za U wameshakula mchwa, siwezi kuhakikisha. Lakini nimeunga kwa akili yangu: unforgivable. Kisichosameheka. Nikatandika korosho. Kumi na mbili.

Limelishinda lile kwa moja. Nikaliandika mara tatu, vizuri, kama tulivyokuwa tunaandika darasani.


Jumamosi, 3 Machi

Nimeshinda! Bwana Emmanueli kafungua kamusi kubwa ya maktaba, kashuka na kidole, na lilikuwamo. Kapiga meza. "Zuhura! Nani Zuhura?" Nikanyoosha mkono kama mtoto, na Issa kanitapikia bega saa ile ile.

Wa pili alikuwa Theresia. Forgiveness, kumi na moja. Kwa hiyo anaweza! Pengine kalitoa kwenye kitabu chake cha sala. Sasa ndiyo nimekasirika zaidi. Mtu asiyeweza ungemwonea huruma.

Watu walipoondoka nikamwambia Bwana Emmanueli kila kitu. Kanisikiliza mpaka mwisho, si kawaida ya wanaume. Kisha akasema karatasi za zamani anazitupa. Akasema, mama, mimi sikukatalii, lakini sanduku ndilo ninaloliamini, na jina lililo kwenye karatasi ndilo ninalolijua. Nikaomba hata hivyo aandike malalamiko yangu. Akaniuliza, shahidi wako nani? Nitamtaja mzee mgonjwa anayekula mkononi mwa mkaza mwana wake? Nikamfunga Issa mgongoni, nikaondoka.

Sita kwa moja. Zimebaki wiki tatu. Hata nikishinda zote ni nne. Nimehesabu kwa korosho, kana kwamba zitabadilika.


Jumatano, 7 Machi

Wiki hii H, P, W. Maneno mengi yenye W yanaanza na W, na W imo matumboni mwa mchwa. Nimepata horsewhip. Kiboko cha farasi. Tisa tu. Ningejua pa kukitumia.

Mzee Filipo hatoki kitandani. Nimempelekea uji wa mtama. Theresia kanifungulia, hatukusalimiana, kasimama kando nikapita. Nyumba yake safi, kimya. Miaka sita ya ndoa hakuna kilio cha mtoto mle ndani, na ndugu wa Danieli wanaandika barua za maneno. Najua. Aliwahi kulia kwangu. Sitaki kuyakumbuka hayo leo.

Mzee kanywa vijiko vitatu. "Mateka," akasema, "nikifa usiniache nipite bure. Mngoni asiyezuiwa mlangoni na mtani kazikwa kama mbwa."

Nikamwambia: "Utapita tu, mkimbizi. Kukimbia umezoea."

Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Mgongo umebaki mifupa. Alipotulia akanivuta kanga.

"Udai kikubwa," akasema.

Nikachukua bakuli nikarudi kwangu.


Jumamosi, 10 Machi

Theresia kashinda. Workmanship. Kumi na moja. Inaanza na W.

Saba kwa moja.


Jumapili, 11 Machi

Mzee Filipo kafariki kabla ya adhuhuri. Nilisikia ukutani, kwanza kimya, kisha sauti ya Danieli. Nimelia mpaka Mwanaisha kaniletea kikombe cha maji, nusu kimemwagika njiani.

Nani ataniita mateka?


Jumatatu, 12 Machi

Nitaandika yote, kwa mpango, kabla watu hawajayageuza.

Mazishi yalikuwa saa nane. Wayao wote wa mtaa walikuja kufanya kazi yao ya watani. Bibi Amina, mkubwa wetu, kavaa koti la marehemu na kushika fimbo yake, anatembea kwa miguu ya kuvimba, anaomba ugoro kwa kila mtu: "Nimekufa lakini pua haijafa!" Hata Danieli kacheka, machozi yanamtoka. Ndivyo inavyotakiwa. Msiba usio na watani haushuki kifuani.

Wakainua jeneza. Nikampa mtu Issa. Nikaenda nikakaa kizingitini, miguu nimeinyoosha, mgongo kwenye mwimo wa mlango.

"Hapiti," nikasema. "Huyu ni mkimbizi. Ana deni la ng'ombe wa babu yangu."

Kicheko. Danieli kajua taratibu, katoa shilingi. Nikairudisha. Wakaleta kuku. Nikamshika, nikamwambia kuku, nenda kapumzike, nikamwachia. Kicheko zaidi. Bibi Amina anapiga vigelegele: "Huyo! Mwanangu huyo hanunuliki!"

Danieli akauliza, "Sasa mtani unataka nini? Jua linakwenda."

Bwana Emmanueli alikuwa amesimama chini ya bati, kofia mkononi. Kaja kutoa pole. Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo.

Nikasema: "Namtaka mkaza mwana wake. Ana maneno yangu sita. Aje ayataje hapa moja moja, anipe na maana zake, na aseme aliyapata wapi. Akimaliza, mkwe wake anapita."

Wengine walicheka wakidhani bado ni mchezo. Theresia alikuwa ameinama karibu na jeneza, kitambaa cheusi kichwani. Akainuka. Sijapata kuona uso wa namna ile. Akasema kwa sauti ndogo, mtani, leo usinifanyie hivi.

Nikamjibu, "Tangu lini Myao akamwomba Mngoni ruhusa?"

Wanawake wa bombani wakaangaliana. Kicheko kikakatika pale pale.

Wabebaji walianza kutoa jasho. Mmoja akasema mzee anakuwa mzito. Theresia akaanza. Knowledgeable — mwenye kujua. Earthquake — tetemeko la ardhi. La tatu likamgomea. Nilitamani kumsaidia na nilitamani asimame pale mpaka jua lizame. Yote mawili, wakati mmoja, ndani ya kifua kimoja.

Kisha akasema kwa nguvu: "Ni yake! Yote sita ni yake. Nilichoma karatasi zake nikaandika jina langu. Mpisheni baba apite!"

Nikanyanyua miguu.

Jeneza lilipita karibu na uso wangu. Nikaweka kiganja juu yake. Kikubwa nimedai, mkimbizi. Nenda.


Jumatano, 14 Machi

Niliosha masufuria ya msiba siku mbili, ndiyo zamu ya watani. Mikono imechubuka kwa majivu. Sijutii. Namwona Theresia kila saa na hatusemi.

Leo Issa katambaa. Mara yake ya kwanza kwenda mbali! Kapita mlango wa kwangu ulio wazi, kavuka uwanja, kaenda moja kwa moja kwenye baraza la Theresia, kamshika kanga, kasimama. Hata wewe, Issa!

Nikaenda kumchukua. Kanipa. Alikuwa amemfuta pua.


Alhamisi, 15 Machi

Nimeisikia bombani, na Bibi Amina kaithibitisha. Theresia anasema alichosema mlangoni kilikuwa cha utani. Alisema tu ili mkwe wake azikwe. Mtu anayezuiwa njia na mtani hutoa chochote, kuku, shilingi, hata uongo.

Mwizi!

Bibi Amina kakuna kichwa. "Mwanangu, hapo kakushika. La utani halipelekwi barazani. Ukilitumia kama ushahidi, sisi wote tutakuwa hatuna pa kutania tena."

Nikamwambia lakini ni kweli, bibi! Akasema kweli ndiyo, nani kakataa? Mtaa mzima unajua ni kweli. Ila haishikiki.

Basi nimevuna nini? Nimemwaibisha mbele ya maiti, nami sina kiti. Nimepiga kwa silaha yake na silaha imerudi kwake.

Nimempigia Mwanaisha kelele bila kosa. Kisha nimemkumbatia mpaka akasema mama unanibana.


Jumamosi, 17 Machi

Leo ndiyo ingekuwa wiki ya tisa. Bwana Emmanueli hakufungua sanduku. Kaja mtaani kwa miguu, kasimama uwanjani kati ya milango yetu miwili, katuita sote. Selemani kavaa shati haraka. Danieli katoka na kitambaa cha msiba mkononi.

Kasema hivi. Yeye kazaliwa mbali, mambo ya utani wa huku hayaelewi vizuri, na lililosemwa mlangoni hataliandika popote. Ila masikio anayo. Kwa hiyo karatasi ya ukutani kaichana. Wiki zote nane, za Theresia na yangu moja. Yeyote mwingine aliyetia karatasi hajashinda hata mara moja, kwa hiyo tumebaki wawili.

"Baada ya arobaini ya mzee," akasema, "mtakuja maktaba, Jumamosi saa kumi, milango wazi, anayetaka kutazama atazame. Nitaandika herufi ubaoni mbele yenu. Saa moja. Neno refu ndilo linalochukua kiti. Kila mtu na kamusi yake. Ile ya maktaba ni ya mwamuzi."

Theresia akasema taratibu: "Mimi sina kamusi."

Kweli hana. Hajawahi kuwa nayo. Alikuwa na mimi.

Bwana Emmanueli akanitazama. Nikatazama chini. Kamusi yangu inaishia S.

Selemani aliporudi ndani akasema, si umeona? Hana kitabu. Umeshamshinda tayari, Mama Mwana, kiti chako hicho. Na kwa mara ya kwanza tangu yaanze haya nimemwona anafurahi kwa ajili yangu.

Nimekaa na jambo hilo tangu jioni. Atakuja pale mikono mitupu, herufi zitaandikwa, atakaa saa nzima akitazama ukuta. Nitashinda. Na Jumapili, bombani, atatua ndoo apige makofi: "Jamani, mtani wangu kanishinda mimi nisiye na kitabu!" Watacheka. Maisha yangu yote watacheka, nami nitakuwa nimekaa kwenye kiti kile nikiwasikia.

Hapana.


Jumapili, 18 Machi

Ndege ya barua ni keshokutwa. Barabara imekatika, meli haijulikani. Kaka yangu Hassani yuko Dar es Salaam na ana barua zangu tatu hajazijibu, kwa hiyo safari hii atafanya ninachomwambia. Arobaini ni tarehe kumi na tisa Aprili. Anazo wiki nne, si zaidi. Nimempa salamu za watoto, nimemwambia mama hajambo, sikumweleza mengine. Akisoma ataona nimerukwa na akili. Naandika hapa kwanza, nisikosee nikinakili.

Theresia yuko nje, namwona kupitia dirisha. Issa kaenda tena kwake. Sijaenda kumchukua, nimalize kwanza.

Vya kutuma, Hassani, na usipunguze hata kimoja:

Dawa ya mchwa, kopo moja, ile kali.

Dawa ya maji ya tumbo la mtoto, chupa mbili. Uzifunge kwa nguo zisipasuke.

Viatu vya wazi vya kike, vyeusi, namba sita. Vya kuingilia mahali, si vya shamba.

Penseli nne ngumu. Kifutio.

Kamusi za Kiingereza, mbili. Zifanane. Chapa moja, ukubwa mmoja, mpya zote, A mpaka Z, uzifungue dukani uhesabu kurasa kabla hujazichukua. Usiniletee moja nzuri na moja mbovu, nitajua.

Ndani ya jalada la moja uandike Zuhura. Ndani ya nyingine uandike Theresia. Kwa wino mmoja, mwandiko mmoja.